Shetani Anapokataa Lawama Zetu

Tamthilia ya Lucifer ilimgeuza adui wa wanadamu kuwa mtu wa kuonewa huruma. Lubumbashi, mji ambao watoto wameitwa walozi na kufukuzwa nyumbani kwao, ina sababu zake za kuitazama tamthilia hiyo kwa makini.

Ibilisi amechoka na kazi. Ameacha kiti chake cha kuzimu, amehamia Los Angeles, amefungua klabu ya usiku inayoitwa Lux, na jioni anakaa kwenye piano akiwaimbia wateja wake. Anavaa suti nzuri na anapenda vya anasa. Ana tabia moja ambayo wengi wetu hatuna: hasemi uongo. Akimtazama mtu machoni na kumuuliza anatamani nini, mtu huyo huropoka siri ya moyo wake hadharani. Kwa kipaji hicho anaanza kumsaidia mpelelezi wa polisi, Chloe Decker, kuwanasa wauaji.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Lucifer, tamthilia iliyorushwa kwa mara ya kwanza na kituo cha Fox cha Marekani tarehe 25 Januari 2016. Mhusika alitoka katika vitabu vya katuni vya The Sandman vya Neil Gaiman, na aliyemwigiza ni Tom Ellis, mwigizaji kutoka Wales ambaye baba yake ni mchungaji wa Kibaptisti. Kabla hata kipindi cha kwanza hakijaonyeshwa, kundi la Kikristo la One Million Moms lilikwishakusanya saini za kutaka kizuiwe. Fox iliisimamisha tamthilia mwaka 2018 baada ya misimu mitatu. Mashabiki walipiga kelele duniani kote, Netflix ikaichukua, na msimu wa sita na wa mwisho ukatoka tarehe 10 Septemba 2021. Kwa jumla ni vipindi 93.

Mwezi huohuo wa Januari 2016 Netflix ilifungua huduma yake katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, Kongo ikiwemo. Kwa hiyo Ibilisi huyu mwenye suti aliweza kufika Lubumbashi na mkoa wake wa Haut-Katanga akizungumza Kifaransa, kwa mwenye usajili na kwa anayenakili filamu kwenye flashi. Huku kwetu amekuta mji unaomfahamu shetani siku nyingi, mji ambao jina lake hutajwa kanisani Jumapili, kwenye mikesha ya maombi, na hata katika kikao cha ukoo pale mtu anapofiwa au kufukuzwa kazi.

Wanaoiita tamthilia hii kufuru wana hoja, nami nitairudia hapo mbele. Lakini kwanza tusikilize kinachomkera Ibilisi wa Los Angeles kuliko hukumu aliyopewa na Mungu. Kinachomkera ni sisi. Kila muuaji anayekamatwa na kila mume anayemsaliti mkewe husema shetani alimpitia. Naye anakana. Anasema yeye kazi yake ilikuwa kuadhibu, hakumshika mtu mkono akamlazimisha kuua. Dhambi ni yenu, anasema, msinitwishe mimi.

Kuzimu kusiko na kufuli

Katika kuzimu ya tamthilia hii kila mfu ana chumba chake, na ndani ya chumba anarudia tena na tena tendo lile linalomsuta. Milango haijafungwa kwa ufunguo. Anayetaka kutoka anaweza kutoka, ila hatoki, kwa sababu hatia yake mwenyewe imemkalisha chini. Sheria hiyo inawahusu hata malaika: Lucifer anapojiona muovu, uso wake wa kutisha unarudi, anapojiona anafaa kupendwa, mabawa yake yanarudi. Na katika msimu wa mwisho, kaka yake Amenadiel anaposhika nafasi ya Mungu, Lucifer anarudi kuzimu kwa hiari yake kuwatibu wafu wapate kutoka. Mtesaji anakuwa mganga.

Fundisho hilo si geni kwa msomaji wa Biblia. Katika bustani ya Edeni Adamu alimsukumia Hawa lawama, Hawa akamsukumia nyoka, na Mungu hakuukubali utetezi wa yeyote kati yao. Kila mmoja alihukumiwa kwa lake. Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, unafundisha kwamba mtu hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Waandishi wa Hollywood huenda hawakukusudia kuhubiri, lakini wamefika mahali ambapo mahubiri mengi ya siku hizi hayafiki: pale ambapo mwenye dhambi hana wa kumwonyeshea kidole.

Fasihi ya Kiswahili nayo imewahi kumtumia shetani ili imtazame binadamu. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Mashetani ya mwaka 1971, aliwaweka vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, wakaigiza mmoja Shetani na mwingine Binadamu, na katika mchezo huo zikatokeza tabaka, mali na mabaki ya ukoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1982 kama Shetani Msalabani, aliwakusanya wezi na wanyang'anyi washindane nani hodari wa kuwaibia wananchi. Wote wawili walituonyesha kwamba ukimvua shetani mapembe unakutana na sura unayoifahamu.

Mamba muntu ukutani

Lubumbashi ilikuwa na ibilisi wake wa kupendeza miongo minne kabla ya Netflix. Ni mamba muntu, mwanamke aliye samaki kuanzia kiunoni, ambaye kwingine Afrika huitwa Mami Wata. Miaka ya 1970 wachoraji wa mji huu walimchora kwa wingi, na wanaanthropolojia Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliochapisha utafiti wao kuhusu uchoraji huo mwaka 1976, walimkuta ndiye mpendwa kuliko picha zote. Alitundikwa sebuleni kwa karani, kwa mwalimu na kwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Gécamines. Ana nywele ndefu, kitana, kioo, mara nyingi na saa mkononi, na nyoka amemzunguka.

Mapatano yake yalijulikana na kila mtoto wa mitaa yetu ya Kenya na Katuba. Anakupa utajiri, nawe unamlipa kwa siri, kwa uaminifu wa kitandani, au kwa uhai wa mtu wa nyumbani kwako. Ukivunja sharti, unapoteza vyote. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na watu wa mji wa migodi walilifahamu vema zimwi lao: shaba ilileta mshahara, nyumba na shule, ikachukua mapafu na miguu ya wanaume. Picha ile ukutani ilikuwa njia ya familia kuzungumza juu ya mali inakotoka na gharama yake. Baadaye makanisa ya uamsho yalimhesabu mamba muntu miongoni mwa mapepo ya kutolewa, na picha nyingi zikashushwa. Pamoja nazo yalishuka mazungumzo yale. Swali la bei ya utajiri likageuka kuwa swali la nani ana pepo.

Aliyejiita mtoto wa Mungu

Katanga imeonja pia hatari iliyo kinyume cha ile inayohofiwa na wapinzani wa Lucifer. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, mtu aliyekuwa ameyasikia mafundisho ya Watch Tower, alianza kubatiza watu upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Akajiita Mwana Lesa, yaani mtoto wa Mungu. Watu walimwomba awatambue walozi wao, naye akautumia ubatizo kama kipimo: aliyeonekana hakuzama sawasawa majini alihesabiwa kuwa mlozi, na wengi walioshtakiwa hivyo walizamishwa hadi wakafa. Baadaye alivuka mpaka akaingia Katanga, na waliokufa upande huu walikuwa wengi kuliko wa upande ule. Waingereza walimkamata, wakamnyonga mwaka 1926.

Waliouawa walikuwa bibi, shangazi na wajomba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mapembe. Aliyeleta maangamizi alikuja na jina la Mungu na maji ya ubatizo, na kijiji kizima kilimshangilia kwa sababu aliwapa watu walichokitamani: mtu wa kumlaumu. Kisa hicho kinastahili kufundishwa shuleni, Lubumbashi na Ndola ya Zambia vilevile, kwa maana mbegu yake haijafa.

Runinga ya mapepo

Tangu miaka ya 1990 shetani wa runinga zetu amekuwa wa namna moja. Filamu za Nigeria, zikitanguliwa na Living in Bondage ya mwaka 1992, zilisambaa barani na hadithi za mapatano ya damu, majoka na malkia wa kuzimu. Kinshasa ilizaa aina yake ya tamthilia. Mwanaanthropolojia Katrien Pype, aliyeishi na waigizaji wa huko na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2012, anaeleza jinsi hadithi hizo zinavyojengwa: msiba unaingia nyumbani, mlozi aliyejificha ndani ya familia anafichuliwa, mchungaji anaomba, mwovu anakiri, na Mungu anashinda. Waigizaji wenyewe ni waumini, na kuigiza kwao ni kuhubiri.

Siwadharau. Wanafanya kazi kwa vifaa haba na kwa imani ya kweli, na watazamaji wanaona maisha yao katika nyumba zile zenye madeni, magonjwa na ugomvi wa mawifi. Lakini tatizo ni mpango wa hadithi yenyewe. Kila mara lazima apatikane mlozi, na kila mara yumo ndani ya nyumba. Mtazamaji aliyekula hadithi hiyo miaka kumi, siku mshahara wake ukikatika, huanza kuwatazama waliolala chini ya paa lake.

Na mishahara ilikatika kweli. Gécamines ilizalisha tani zaidi ya 470,000 za shaba mwaka 1986; kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi chini ya tani 40,000. Miezi ilipita bila malipo. Mwaka 2003 na 2004, katika mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Baba aliyekuwa akileta gunia la unga kutoka kampuni alirudi nyumbani mikono mitupu. Ndugu walipofariki waliacha yatima, na yatima waliongezeka mezani kwa watu ambao hawakuwa na cha kuweka mezani hapo.

Hapo ndipo shetani alipopewa uso wa mtoto. Aliyekojoa kitandani, aliyeota ndoto mbaya, aliyekuwa mkaidi, mwenye kifafa, mlemavu, au yatima tu aliyekaa kwa mama wa kambo, aliitwa mlozi. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti mwaka 2006 kuhusu watoto wa mitaani wa Kongo, baada ya utafiti uliogusa Lubumbashi pia, na likaeleza jinsi tuhuma za uchawi zilivyowasukuma watoto barabarani, na jinsi baadhi ya makanisa yalivyowafungia kwa siku kadhaa bila chakula ili watolewe pepo na wakiri. Mtoto mwenye njaa atakiri chochote.

Sheria iko wazi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumtuhumu uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa kifungo anayemtuhumu mtoto kuwa mlozi. Watawa Wasalesiani, waliofika mji huu mwaka 1911, wamekuwa wakiwapokea watoto wa mitaani katika vituo vyao kikiwemo Bakanja, wakitafuta jamaa zao na kuwarudisha nyumbani pale inapowezekana. Lakini katiba haitazamwi runingani jioni, na anayesimulia hadithi ya jioni ndiye anayefundisha mji.

Zabolo ana jina

Kwa bahati njema, hadithi nyingine imekwishasimuliwa, na msimuliaji ni mzaliwa wa Lubumbashi. Baloji alizaliwa hapa mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo, akawa mwanamuziki wa rap katika kundi la Starflam kabla ya kuimba peke yake. Jina alilopewa linamaanisha walozi, na ameeleza katika mahojiano jinsi alivyokua amelibeba kama tuhuma. Filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, ilionyeshwa Cannes mwezi Mei 2023, ikapata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard, na Ubelgiji ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar.

Mhusika wake Koffi, aliyeigizwa na Marc Zinga, ana alama ya kuzaliwa usoni. Kwa mama yake alama hiyo ilikuwa muhuri wa shetani. Akaitwa zabolo, yaani ibilisi, akaondolewa nyumbani. Miaka mingi baadaye anarudi Kongo kutoka Ubelgiji na mchumba wake mjamzito, Alice, akitaka kumkabidhi baba yake mahari. Baba yuko mgodini na haonekani. Koffi amemshika mtoto mchanga wa dada yake, damu ya pua inamtoka na kumdondokea mtoto, na mara moja ukoo mzima unaona ushahidi uliokuwa ukiusubiri. Mjomba, shangazi na mchungaji wanamwingiza katika ibada ya kumtoa ubaya.

Ujasiri wa Baloji ni kwamba hakuishia kwa Koffi. Filamu inawapa nafasi watu wanne, kila mmoja akiwa ametiwa alama hiyo kwa sababu yake. Paco ni mtoto wa mitaani anayeomboleza dada yake na kuongoza kundi la watoto wanaovaa sketi za waridi za wacheza baleti. Tshala, dada yake Koffi, anataka kuishi na kupenda atakavyo. Wa nne ni Mama Mujila, mama aliyemkataa mwanawe. Mtazamaji amekwishamchukia, lakini hadithi inapomfikia anamkuta mwanamke ambaye naye aliwahi kuitwa hivyohivyo. Aliyemtupa mtoto aliogopa kutupwa. Hapo chuki inakosa pa kukaa, na huruma inaingia bila kufuta kosa.

Lucifer ilimchukua shetani wa Maandiko ikampa moyo wa mtu. Augure imekwenda hatua ya pili, yenye uzito zaidi kwetu: imewachukua watu tuliowaita shetani ikaturudishia wakiwa watu.

Hoja ya waumini

Sasa niirudie hoja ya wanaohofia. Wanasema shetani wa kupendeza anafuta mpaka kati ya wema na ubaya, na kijana aliyezoea kumcheka Ibilisi atasahau kumkimbia. Ni hoja ya mzazi mwenye upendo, na haistahili kejeli. Uovu upo. Anayeishi nchi iliyoona vita tunavyoviona mashariki hahitaji kufundishwa hilo, na Lucifer ina vipindi vingi vya anasa tupu ambavyo mzazi ana haki ya kuvizima.

Lakini tutazame madhara yaliyotokea, tuache yanayohofiwa. Mwaka 1925 watu hawakufa Katanga kwa sababu walimwonea shetani huruma. Walikufa kwa sababu waliokuwa na hakika ya kumjua shetani walimwona usoni mwa jirani. Mtoto anayelala nje ya soko la Kenya hakufikishwa pale na mtu aliyelegea katika kuuchukia uovu. Alifikishwa na watu walioukemea uovu kwa sauti kubwa wakakosea shabaha. Anayemwamini shetani kikweli anapaswa kujua kwamba mshtaki ni moja ya majina yake katika Maandiko, na kwamba anayemshtaki mtoto asiye na hatia anamfanyia kazi.

Lubumbashi ina uwezo wa kutunga hadithi yake. Kundi la maigizo la Mufwankolo liliwachekesha na kuwafundisha watu wa mji huu kwa miongo mingi, redioni na runingani, kwa Kiswahili chetu cha hapahapa, likiwachukua waume, wake, wakubwa na watumishi wa kila siku. Mwaka 1986 liliigiza mchezo juu ya mamlaka, kutokana na msemo kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima, na Johannes Fabian akauandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1990. Katika michezo ya namna ile hakuhitajika pepo ili mambo yaharibike. Binadamu na tamaa yake walitosha, na watazamaji walijitambua wakacheka.

Urithi huo unatudai kazi. Wanafunzi wanaopiga filamu fupi kwa simu, wachoraji na wapiga picha waliokulia kwenye maonyesho ya sanaa ya Lubumbashi yaitwayo Picha, yaliyoanza mwaka 2008, waigizaji wa parokia na wa makanisa ya uamsho, wote wanaweza kuandika tamthilia ambayo mtoto anatuhumiwa katika kipindi cha kwanza, na vipindi vinavyofuata vikamfuata kila mtu aliyemtuhumu: baba aliyepoteza kazi, mama wa kambo aliyeogopa, mchungaji aliyelipwa, mjomba aliyeitaka nyumba ya marehemu. Kila mmoja aulizwe lile swali la Lucifer: ulikuwa unatamani nini? Wachungaji wanaojali kundi lao waalikwe kusoma maandishi na kusahihisha, na vituo vya runinga vya Haut-Katanga viionyeshe jioni, saa ambayo familia zimekaa pamoja.

Na mchungaji kwenye tamthilia hiyo aruhusiwe kushinda, kama kawaida. Ila safari hii ushindi wake uwe kumshika mtoto mkono, kumrudisha mlangoni kwa baba yake, na kumtaka baba aseme mbele ya majirani kwamba mtoto huyu hana kosa. Ukombozi wa namna hiyo Lubumbashi imeusubiri muda mrefu, na hauhitaji kumfukuza yeyote.